Jicho limechomwa kwa ukucha, miaka 3 baada ya LASIK (upasuaji wa leza wa kurekebisha uwezo wa kuona)

Swali: Ndugu zangu, jana jioni mwanangu mchanga alinichoma jicho la kulia kwa ukucha, na tangu hapo linatoa machozi, taa naiona ina ukungu, na nahisi kama kuna mchanga chini ya kope. Je, nisubiri lipoe?

Jibu la 1: Pole sana, dada, lakini usisubiri. LASIK huacha kifuniko chembamba cha konea (utando angavu wa mbele ya jicho) ambacho hakishikani tena kwa uimara wa awali, hivyo kinaweza kusogea au kukunjika hata miaka mingi baadaye. Usilifikiche, lifunike kwa kitu kigumu kisicholigusa, hata kitako cha kikombe cha karatasi kinafaa, uende leo hii kwa daktari bingwa wa macho.

Jibu la 2: Naongezea: usijinunulie matone yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), kwani yanaweza kuzidisha maambukizi. Kifuniko changu kilikunjika, daktari alikinyanyua, akasafisha chini yake, akakirudisha, kisha akaniwekea lenzi laini ya kukilinda. Mtajie LASIK mapema.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Tuko njiani, mume wangu ndiye anayeendesha.