Matumbawe yanapauka ndani ya hifadhi: kufunga uvuvi kunasaidia nini?

pwani_kusini: Wakuu, tangu kaskazi ilegee maji ni ya moto, na matumbawe ya matawi yamekuwa meupe pe, hata pale pasipovuliwa. Watu wanauliza: kama hifadhi haizuii hili, ya nini kutufungia bahari? Na tutajuaje kama yamekufa?

mzamiaji_tanga: Meupe si mafu. Rangi hutoka kwa mwani mdogo mno unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe na kulilisha. Joto likizidi, mwani hutemwa, chokaa inaonekana kupitia ngozi. Tazama kwa karibu bila kugusa: ukiona utando laini na vimikono, liko hai, lina njaa tu. Likishaota manyoya ya kijani au kahawia, limekwenda.

Kizingiti ni nyuzi 1 juu ya wastani wa mwezi wenye joto zaidi kwenu. Ikivukwa, zidisha ziada juu ya wastani huo kwa idadi ya wiki: nyuzi 1.5 kwa wiki 3 ni 4.5. Ikifika 4 tarajia kupauka. 8, vifo vingi. Setilaiti husoma uso wa maji, kwa hiyo fungeni kirekodi joto kwenye kina cha matumbawe yenyewe, kivulini. Kikipigwa na jua kinadanganya.

mwambao_data: Hao wanaouliza wana hoja. Hifadhi haipozi maji. Tutia, kule Mafia, imo ndani ya hifadhi ya tangu 1995, na 1998 matumbawe yake mengi yalikufa. Faida huja baadaye. Mwamba ukibaki mtupu, mwani wa nje (si ule wa ndani ya tumbawe) huuwahi kabla vitoto vya tumbawe havijashika. Samaki kama pono na kangaja ndio wanaoufyeka mwani huo. Samaki kikande naye hula wale viumbe wa duara wenye miiba mirefu myeusi, ambao wakizidi huukwangua mwamba wenyewe. Kufungua uvuvi sasa ni kuondoa wafyekaji wakati wanahitajika zaidi.

Kuhesabu: lazeni futikamba ya meta 10, kila nusu meta andikeni kilicho chini yake (hai, limepauka, mfu, mwani, mchanga). Mistari 3 au zaidi kwa kila kina, na alama za kudumu ili mrudi palepale baada ya wiki 6 hivi. Andikeni na aina: ya matawi hupauka kwanza, yale mabonge makubwa hustahimili. Mkichanganya, asilimia haina maana.

mzamiaji_tanga: Msichanganye pia na bamvua. Maji yakitoka mchana, ncha zilizoanikwa juani hupauka juu tu. Joto la bahari hupausha mpaka ubavuni, na hata meta 5 chini. Halafu boti ziwekewe maboya. Nanga kwenye tumbawe lenye njaa ni kulimalizia.

pwani_kusini: Kirekodi kisome kila baada ya muda gani?

mwambao_data: Dakika 30 zinatosha. Mkiweka dakika 1, kumbukumbu itajaa kabla ya Machi kwisha.