Tupeane uzoefu: depresheni ilivyokuvuruga akili, si moyo tu

Fundi Kaptembwo: Wakuu, huzuni tunaisimulia sana. Leo tuongee kuhusu kusahau na kuzubaa. Mimi ni fundi wa umeme Nakuru. Kuna kipindi nilikuwa nasimama mbele ya meinswichi na sikumbuki waya upi unafuata. Mwenye nyumba akadhani nimelewa. Nani mwingine yamemkuta?

Nyar Kibuye: Mimi nauza omena hapa Kisumu, na chenji ndiyo iliyoniumbua. Nahesabu, napotea, naanza upya, hadi wateja wakawa wananihesabia wenyewe. Mama mkwe akasema nimerogwa. Nilipoanza dawa, usingizi ulirudi, chakula kikapita, lakini hesabu ikagoma. Nikaona nimeuziwa chaki.

Muuguzi Mstaafu: Pole, dada. Hesabu kuchelewa si ajabu. Wengi hubaki na shida ya kumbukumbu na umakini hata moyo ukishatulia. Ndiyo maana ile fomu ya maswali ya kupimia depresheni, PHQ-9, swali la saba, inauliza kama unashindwa kumakinika hata kusoma gazeti.

Ubongo una mitandao. Upo unaoamka ukiwa umetulia unajiwazia mambo yako (Marcus Raichle na wenzake waliueleza mwaka 2001), na upo unaoshika kazi iliyo mbele yako. Kwa kawaida mmoja ukipanda, mwingine hushuka. Kwenye depresheni kupishana huko huonekana kuvurugika, kwa hiyo unatafuta chenji huku kichwani kesi ya kujilaumu inaendelea. Ila wataalamu wenyewe hawajaelewana. Tafiti nyingi za mwanzo zilisema miunganisho ya ule mtandao wa kujiwazia imekazana kupita kiasi. Mwaka 2019 watafiti wa China wakakusanya picha za ubongo za wagonjwa 1,300 na kukuta imelegea, hasa kwa waliougua zaidi ya mara moja. Basi mtu asikule pesa za MRI, ile mashine ya kupiga picha za ubongo, ati anakupima depresheni. Bado hakuna picha inayoweza hilo.

Mwalimu Lurambi: Kwangu ilikuwa insha za wanafunzi. Nasoma mstari, nafika mwisho, sijui nimesoma nini. Mkuu wa shule akaniita mvivu mbele ya walimu wenzangu. Daktari alinipima damu kwanza, upungufu wa damu na tezi ya shingo, maana hizo nazo hufunga akili. Kisha akaniondoa kwenye amitriptilini, dawa ya depresheni iliyokuwa ikinilewesha hadi saa nne asubuhi. Msiache dawa wenyewe lakini! Hupunguzwa pole pole.

Nyar Kibuye: Mimi bei zote niliziandika kwenye katoni, nikaibandika mezani. Watu walicheka, wakazoea. Sasa hata jirani yangu wa nyanya anayo.

Fundi Kaptembwo: Mwalimu, ulimwelezaje daktari? Mimi nikifika mbele yake nasahau yote, nasema "niko sawa tu."

Mwalimu Lurambi: Andika kwenye simu mambo yanapokutokea. Ukifika, mpe asome.