Naomba ushauri: kaka niliyempa ini, figo zinaanza kusumbua

Habari zenu wakuu. Miaka 6 iliyopita nilimpa kaka yangu upande wa kulia wa ini langu, karibu asilimia 60. Langu lilikua tena ndani ya miezi michache, limebaki kovu tu linalowasha nikifunga mkanda. Yeye mirija ya nyongo imeshasinyaa mara 2, ikatanuliwa. Takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usilikatae ini, anameza saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, kengele ya simu inalia hata msibani. Sasa kreatinini, taka ya kwenye damu inayochujwa na figo, imeanza kupanda, na dawa hiyo inajulikana kwa kuumiza figo. Daktari anataka kupunguza dozi; kaka anaogopa mwili utalikataa ini. Mliopitia hili, mlipunguziwaje? Na nyie mliotoa, bado mnapima damu kila mwaka? Mimi nimezembea, nakiri.