Pazia la jukwaa la mota limenishinda, na juzi limejifungua lenyewe. Naombeni ushauri

Kuchele_Sanaa (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Nipo Mtwara mjini, Shangani. Nasimamia kikundi cha maigizo na ngoma, na ukumbi tunaotumia uko karibu kabisa na bahari. Pazia letu ni la mahameli, zito, na miaka yote limevutwa kwa kamba na vijana wawili. Mmoja akiwahi mwenzake akichelewa, nusu ya pazia inafika na nusu inabaki njiani, watu wanacheka kabla ya igizo kuanza.

Mwaka huu tukachanga, tukaagiza vifaa vya mtumba kutoka Dar: mota ya fezi tatu ya kilowati 0.75, giaboksi ya 1 kwa 20, na inventa inayoingiza fezi moja ya volti 230 na kutoa fezi tatu. Aliyetuuzia alisema ni kufunga na kuwasha tu. Fundi wa mtaani kafunga. Sasa pazia linaondoka kwa kusitasita kama punda aliyebebeshwa chumvi, likifika katikati inventa inaandika OC (ampea zimezidi) halafu inazima. Baada ya mara nne tano mota haishikiki kwa moto. Nikishusha spidi hadi hezi 6 ili liende taratibu ndiyo kabisa, inanguruma tu.

La pili ndilo linaninyima usingizi. Juzi tukiwa mazoezini umeme ulikatika. Tukatoka nje, tukakaa tunakula ming'oko, tukasahau. Umeme uliporudi pazia likaanza kufunguka lenyewe, hakuna aliyegusa kitu. Kijana wetu mmoja alikuwa amerudi ndani, yuko juu ya ngazi anakaza taa, na ngazi imeegemea bomba la pazia. Alishuka kwa kuruka. Alhamdulillahi hakuumia, ila mama yake kashaniita.

La tatu, haya yakitengemaa nataka mota hiyohiyo impandishe mcheza midimu (ngoma ya vinyago) kama mita 2 hivi, aonekane anatokea hewani. Nguvu itatosha? Onyesho ni Jumamosi ya wiki ijayo. Picha za kibati cha mota chenye vipimo vyake nitaweka kesho.

KoroshoGhafi

Mkuu hiyo itakuwa betri imechoka. Inventa yangu ya sola ilinifanyia hivyohivyo, nikabadilisha betri ikatulia.

Kuchele_Sanaa

Siyo ya sola ndugu yangu, hii haina betri. Hii kazi yake ni kubadili spidi ya mota. Asante lakini.

FundiFeziTatu

Nipo Lindi, mashine za kukoboa na pampu ndiyo ugali wangu. Naweka dau kwamba mota yako imefungwa nyota wakati ilitakiwa delta. Hizo ni namna mbili za kuunganisha koili zake.

Soma kibati chake. Kikiandika 230/400, maana yake inataka volti 230 ikifungwa delta na volti 400 ikifungwa nyota. Mafundi wetu wamezoea umeme wa fezi tatu wa volti 400, kwa hiyo mkono unakwenda wenyewe kwenye nyota. Lakini inventa inayolishwa fezi moja ya 230 haiwezi kutoa zaidi ya hiyo 230. Ukiipa mota ya nyota 230, kila koili inapata kama volti 133 tu, na nguvu ya kuzungusha inaanguka hadi theluthi. Ndiyo huo usitasita. Inajikaza, inavuta ampea, inachemka, inventa inaona hatari inakata. Inventa yako haina kosa, inakulinda.

Fungua kifuniko cha mota. Ndani kuna skrubu sita na vipande vya shaba. Vikiwa vimelala kwenye mstari mmoja, hiyo ni nyota. Vipange vitatu visimame sambamba, hiyo ndiyo delta. Kibati kikiandika 400/690, acha, niite tena hapa, maana hapo mota na inventa hazikuumbwa kuoana.

Na tafadhali sana: ukizima brekeri usiingize bisibisi papo hapo. Ndani ya inventa kuna makapasita yanayobaki na volti kama 325 hata waya umeuchomoa ukutani. Subiri dakika kumi, kisha pima kwa mita. Nimewahi kurushwa na moja nikiwa nimekaa juu ya ndoo. Ndoo ilivunjika.

Moto_Moto99

Mnazunguka sana. Ingia kwenye menyu, pandisha kiwango cha ampea hadi mwisho, OC hutaiona tena.

FundiFeziTatu

Hutaiona OC, utaona moshi. Kile kiwango kinawekwa sawasawa na ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota. Mota ya watu waliochangishana unaishauri hivyo?

Kuhusu hezi 6, mkuu Kuchele: feni ya kupooza mota imekaa kwenye shafti yenyewe. Mota ikizunguka polepole, feni nayo inazunguka polepole, joto linabaki ndani. Spidi ndogo itafute kwenye giaboksi na ukubwa wa rola, usiitafute kwenye inventa peke yake. Rola ya kamba ina kipenyo gani, na jukwaa lina upana gani?

Kuchele_Sanaa

Rola sentimita 10. Jukwaa mita 8, kwa hiyo kila nusu ya pazia inakwenda mita 4. Kibati: 230/400, mizunguko 1400 kwa dakika. Na kweli vile vipande vimelala mstari mmoja. Daah.

FundiFeziTatu

Basi hesabu yako nzuri. 1400 gawa kwa 20 unapata mizunguko 70. Rola ya sentimita 10 inavuta kama sentimita 31 kwa mzunguko, kwa hiyo ni mita 22 kwa dakika. Mita 4 zinakwisha kwa sekunde 11 ukiwa hezi 50. Weka hezi 25, utapata sekunde 22. Kwa pazia la heshima zinatosha, na mota haitateseka, maana inafanya kazi sekunde hizo chache tu, kisha inapumzika muda mrefu. Muda wa kuanza na wa kusimama weka sekunde 3 kila mmoja. Ukilazimisha lisimame ghafla mahameli yote yanabembea, na inventa inaweza kukata tena kwa sababu nyingine.

BintiMikindani

Mbona wote mmekimbilia mota? Mimi nimefanya kazi za taa na jukwaa miaka kadhaa, na hilo la pazia kujifungua lingenifanya nifunge ukumbi siku hiyohiyo.

Kaka Kuchele, mnaliwasha kwa swichi ya aina gani? Kama ni ile ya kubonyeza ikabaki imebonyea, kama ya taa ya nyumbani, jibu ndilo hilo. Umeme ulikatika swichi ikiwa kwenye "fungua". Uliporudi, inventa ikakuta amri bado ipo mlangoni, ikaitii. Mtu wa kwenye ngazi haimhusu.

Toa hiyo swichi. Weka vitufe vya kubonyeza na kuachia: kimoja cha kufungua, kimoja cha kufunga, kimoja cha kusimamisha. Umeme ukikatika amri inakufa, ukirudi hakuna kinachotokea mpaka mtu abonyeze upya. Inventa nyingi zina mpangilio wa kukataa kuanza zenyewe umeme unaporudi, utafute kwenye kijitabu cha aina yako, uuwashe pia. Kwa ukumbi kama wenu mimi ningekwenda mbali zaidi: pazia liende tu wakati kidole kiko kwenye kitufe. Ukiondoa kidole, linasimama. Na huyo mwenye kidole akae mahali anapoliona pazia lote, siyo kwenye kichumba cha nyuma anasikiliza kwa masikio.

Halafu kitufe chekundu kikubwa cha dharura, chenye kichwa kama uyoga. Hicho kisiwe cha kuiomba inventa isimame. Kikate kontakta, yaani swichi kubwa ya sumaku inayoleta umeme kwenye inventa. Hicho ni cha hatari tu, usikigeuze kuwa swichi ya kila siku, utaiua inventa mapema.

Mwisho wa reli, limit swichi (swichi zinazoguswa na pazia likifika mwisho) mbili kila upande. Ya kwanza inasimamisha kawaida, ya pili ipo sentimita chache mbele kwa siku ambayo ya kwanza imegoma, na hiyo inakata umeme kabisa. Zifungwe kwa namna ambayo waya ukikatika au ukiliwa na panya, pazia linasimama. Watu wengi wanafunga kinyume, wanagundua siku ya tukio.

SautiSafi

Naongezea dogo. Waya wa kutoka inventa kwenda mota usiulaze pamoja na waya za maikrofoni, spika zitalia kama nzi ndani ya kopo. Na mota iwe na ethi ya kweli.

Mzee_wa_Henza

Salaam. Mwanangu Kuchele, umejibiwa kila kitu isipokuwa la tatu, na wote wanaliruka.

Usimpandishe mtu. Sikiliza vizuri. Pazia linakwenda ubavu, likiachiwa linabaki lilipo. Mtu anakwenda juu, akiachiwa anarudi chini. Mota yako haina breki. Umeme ukikatika akiwa hewani, unamwachia giaboksi ya mtumba roho ya mtoto wa mwenzio, tena amevaa kinyago na haoni miguu yake. Vifaa vya kuinulia watu vipo, vina breki inayojifunga yenyewe umeme ukikosekana, vina waya wa akiba, na vinakaguliwa na wenye ujuzi huo. Chako siyo hicho.

Midimu hawajawahi kuhitaji mota. Anatoka porini, vumbi, ngoma inabadilika, watoto wanakimbia. Kama unataka kitu kipande juu, kata mwezi wa plaiwudi, uupandishe kwa kamba na kapi mbili, na uzito wa kusawazisha upande wa pili. Nenda Mikindani ukamtafute mtu wa jahazi. Anayepandisha foromali (mti wa tanga) na tanga lake kwa henza, kamba ya kupandishia, kila siku hatashindwa na mwezi wa kilo kumi.

Jambo jingine, pazia lazima liweze kuvutwa kwa mkono. Giaboksi nyingine hazikubali kusukumwa kutoka upande wa mzigo, kwa hiyo weka pini kwenye rola, ukiichomoa kamba inakuwa huru. Mwaka 1903 kule Chicago ukumbi wa Iroquois uliwaka moto onyesho likiendelea. Pazia la kuzuia moto liliteremshwa likakwama njiani, na milango mingine ilikuwa imefungwa. Walikufa watu zaidi ya 600.

KoroshoGhafi

Mzee katutoa Shangani hadi Chicago 😂 Ila la pini nimelielewa.

Kuchele_Sanaa

Wakuu, nimerudi. Siku nne kimya kwa sababu vitufe na kontakta ilibidi vitoke Kariakoo kwa basi.

Delta imefungwa. Pazia limeondoka kama siyo lile, sekunde 22 kama alivyosema Fundi, mota ni vuguvugu tu. Swichi ya zamani nimeitupa mwenyewe. Tumefanya jaribio: pazia likiwa njiani tukashusha brekeri kuu, tukasubiri, tukairudisha. Halikutikisika. Tukarudia mara tano, na mara ya tano nilimwalika yule mama akae kiti cha mbele aone. Limit swichi za pili bado upande mmoja, kesho zinakamilika.

Tulipofungua boksi la inventa tulikuta mjusi amekaukia kwenye skrubu za fezi, na kutu ya chumvi imeanza. Inventa nimeihamishia kwenye boksi lenye nyavu na nafasi ya kupumua, mbali na dirisha la baharini.

Mcheza midimu atatoka mlango wa nyuma kwa miguu yake. Mwezi nimempa baharia mmoja mstaafu wa Mikindani. Kautazama, kauliza kwa nini tunauita mzito.

SautiSafi, spika bado zinalia kidogo pazia likitembea, na waya nimetenganisha. Ethi ya ukumbi nianze kuipimia wapi?