Tupeane uzoefu: uliitwa juri ukiwa unanyonyesha, ilikuwaje?

Kina mama mlioko Marekani, naomba tusaidiane hapa. Ukishapata uraia, ukawa na leseni ya gari na kujiandikisha kupiga kura, jina lako limeingia kwenye droo ya juri, yaani raia wa kawaida wanaoitwa mahakamani kusikiliza kesi na kutoa uamuzi. Bahasha ya mahakama haiangalii kama una kichanga. Kwetu Tanzania wazee wa baraza tuliwasikia kwenye kesi za mauaji, lakini mtu kuokotwa nyumbani kwa kura ni mageni. Na kuipuuza haifai, kuna faini.

Mimi niko Virginia. Wangu alikuwa na miezi minne, chupa hataki hata kuiona. Sheria ya hapa inamtaja wazi mama anayenyonyesha: akiomba, anasamehewa. Nikajaza fomu nikairudisha mapema, jibu likaja kwa barua, sikukanyaga mahakamani. Nikadhani ndivyo ilivyo kote, kumbe kila jimbo na lake. Semeni mko jimbo gani na mlijibiwaje.

Mama Zawadi: California hawakufuti, wanakuahirishia hadi mwaka mmoja. Ukifika bado unanyonyesha, unaomba tena. Ombi liwe la maandishi, utie sahihi kwa kiapo kwamba ni kweli, basi hawakulazimishi kufika. Mimi nimeomba mara ya pili, mwanangu anatembea na bado yuko titini. Sioni haya kusema, miaka miwili ndiyo Shirika la Afya Duniani linayoshauri.

Nyambura wa Nyeri: Jimbo langu silitaji. Sheria yake haisemi lolote kuhusu kunyonyesha, inasema tu "shida kubwa". Niliandika, wakanijibu nifike nijieleze kwa jaji. Tumeketi tangu saa mbili asubuhi, kufika saa tano kifua kimekuwa jiwe. Nikauliza pa kukamulia, nikaonyeshwa choo. Nikasimama pale na pampu ya mkono, watu wanagonga mlango, na yale maziwa nikayamwaga kwenye sinki kwa sababu hakukuwa na friji. Mtoto yuko nyumbani analia njaa na mimi namwaga chakula chake! Mchana jaji akauliza nani ana shida, nikasimama nikaeleza mambo ya kifua changu mbele ya wanaume nisiowajua. Aliniachilia palepale, tena kwa upole. Usiku nikapanda homa, titi la kushoto jekundu, nikaanza antibayotiki. Kama angeweza kuniachilia mchana, barua yangu ingetosha.

Dada wa Houston: Pole sana Nyambura. Texas hawaulizi kunyonyesha, wanauliza kama una mtoto wa chini ya miaka 12 ambaye ukienda atabaki bila uangalizi wa kutosha. Mimi mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Bukoba kunilea uzazi, kwa hiyo sikutaka kusema uongo. Niliandika kama ilivyo: bibi yupo, ila bibi hana maziwa. Wakanisogezea tarehe.

Bibi Mdogo: Nyie wenye grinkadi, yaani kibali cha kuishi Marekani bila kuwa raia, barua inaweza kuwafikia pia kwa sababu ya leseni. Hapo hoja si mtoto tena. Jaza kwamba wewe si raia, urudishe. Usikae kwenye juri ukiwa si raia hata kama karani hajagundua, utaharibu mambo yako ya uhamiaji.

Mwanzisha uzi: Asante Bibi Mdogo, hilo ni zito. Niongeze: angalieni bahasha imetoka mahakama ipi. Ikiwa ni ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani na si ya jimbo, msamaha wa jimbo lako hauna kazi, na sheria yao haimtaji mama anayenyonyesha. Unaomba kwa hoja ya ugumu uliopitiliza, kwa hiyo eleza kila kitu: mtoto ananyonya kila baada ya muda gani, chupa anakubali au hakubali, mahakama iko umbali gani.

Nyambura, ya choo imeniuma. Nyumbani Tanzania, Sheria ya Ajira ya 2004 inampa mama muda wa hadi saa mbili kila siku ya kazi ili anyonyeshe. Mahakama ya nchi tajiri ishindwe chumba chenye kitasa na friji ndogo?

Kuna mtu wa Missouri hapa? Huko mama anayenyonyesha anasamehewa, ila daktari lazima athibitishe kwa maandishi. Tuambie uliyapataje hayo maandishi na kama ulilipia.