Tupeane uzoefu: siku ulipoendesha gari kwenye maji na mvua kubwa Dar

Mdau_Manzese:
Habari zenu wakuu. Masika yanabisha hodi, na kila mwaka magari yanazimika pale pale: Jangwani, bonde la Kigogo, Mkwajuni. Naomba mwenye kisa chake mwenyewe akiandike hapa: ulifanya nini, na gari likafanya nini. Vya kusikia tuviache. Naanza na changu.

Ilikuwa mwezi wa nne, natoka Kariakoo narudi Manzese, saa kumi na mbili jioni. Mvua ilikuwa imekata tangu saa nane na lami imeanza kukauka. Nikapita Fire nikateremka Jangwani moyo mweupe. Nilichosahau ni kwamba Mto Msimbazi unaanzia huko kwenye vilima vya Pugu. Mvua ikinyesha kule juu, maji yake yanakuja Jangwani baadaye, wakati sisi mjini tumeshafunga miavuli.

Nikakuta maji yamevuka barabara. Mbele yangu Land Cruiser ikaingia, ikatoka ng'ambo. Nikasema kama huyu kapita na mimi napita. Gari langu lilikuwa IST! Nikiwa katikati, Fuso likaja upande wa pili, wimbi lake likapanda mpaka kwenye boneti, injini ikakata. Nikapiga stata. Ikagoma kwa mlio mmoja mkavu, "ko!", kama nyundo imeangukia chuma. Nikapiga tena. Maji yakawa yanapenya kwenye mpira wa mlango taratibu, kapeti linavimba chini ya miguu, na viatu vya shule vya mwanangu vilivyokuwa chini ya siti vikaelea mpaka kwenye pedali. Nikaweka nyutro, vijana wanne wakanisukuma hadi pakavu. Injini ile haikuwaka tena.

FundiIlala:
Pole sana mkuu. Mimi ni fundi, na kila masika napokea magari ya kisa hicho hicho. Injini inavuta hewa kupitia mdomo ambao kwenye magari madogo mengi uko karibu na taa ya mbele, chini kuliko watu wanavyodhani. Ikivuta maji badala ya hewa, yanaingia kwenye silinda. Hewa inashindilika, maji hayashindiliki. Pistoni inapanda, inakutana nayo, kinachopinda ni konrodi, ule mkono wa chuma unaoisukuma pistoni. Ule mlio wa "ko" ndiyo yenyewe, na ile stata ya pili ndiyo ilimaliza kazi.

Gari likizimia kwenye maji, toa mkono kwenye ufunguo. Lisukumwe mpaka pakavu, chomoa waya wa hasi wa betri, halafu fungua eya klina (kichujio cha hewa ya injini) uiguse kwa kidole. Ikiwa kavu, mshukuru Mungu. Ikiwa imelowa, plagi zote zitoke kwanza ndipo injini izungushwe. Utaona maji yanaruka kwenye yale matundu. Chomoa na kijiti cha kupimia oili. Ukikuta rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia, usiwashe mpaka oili na filta vibadilishwe. Kama ni otomatiki, na oili ya gia boksi ikaguliwe. Nimeona watu wakiokoa injini nzima kwa kuwa na subira ya saa moja tu.

Mama_Wawili_Goba:
Asante fundi, hili la stata sikulijua kabisa.

Changu siyo cha mafuriko. Nilikuwa natoka Mbezi kurudi nyumbani Goba usiku, watoto wawili nyuma, madirisha yote nimefunga kwa sababu ya mvua. Ghafla kioo cha mbele kikawa cheupe kwa ndani. Nikafuta kwa kitenge, dakika moja kikarudi vile vile. Nikaongeza kasi ya waipa, wakati ukungu uko ndani! Nilikuwa naona taa za magari yanayokuja kama mipira ya moto tu. Nilisimama pembeni, nikawasha hazadi, nikampigia baba watoto. Akaniambia: washa kiyoyozi, elekeza upepo kwenye kioo, na zima kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Kioo kikasafika nikiwa bado naongea naye. Kiyoyozi kinakausha hewa, hata ukiweka upande wa joto. Miaka yote nilikuwa najua ni cha kuleta baridi tu.

Halafu ule mteremko wa kwetu wa udongo baada ya kuacha lami. Siku ya kwanza nilikanyaga breki katikati ya mteremko, matairi yakasimama, gari likaendelea kwenda kama sabuni. Sasa hivi naweka L (gia ndogo ya otomatiki) nikiwa juu kabisa kabla sijaanza kushuka, naiacha injini ilishikilie gari, breki naigusa kidogo kidogo.

Dereva_Mbagala:
Nimeendesha daladala Kilwa Road miaka mingi. Mvua ninayoiogopa ni manyunyu ya kwanza baada ya kiangazi. Lami imekunywa oili na vumbi miezi yote, manyunyu yakija yanafanya utelezi, na bodaboda ndiyo wanakimbilia kujikinga, wanakatiza bila kuangalia. Mvua ikishakuwa kubwa inasafisha barabara, lakini unakutana na lingine: maji yakitanda na wewe una kasi, tairi linapanda juu ya maji. Usukani unakuwa mwepesi mkononi kama umekatika. Ilinitokea nina abiria wamejaa. Nilitoa mguu kwenye mafuta, nikashika usukani ukiwa umenyooka, breki sikugusa, mpaka nikasikia tairi limerudi chini. Ukipiga breki pale umepinduka.

Na angalieni kashata za tairi, yale matuta ya mpira yanayokanyaga barabara. Nchi nyingi kiwango cha chini ni milimita 1.6, lakini kwa mvua zetu tairi la hivyo naliita kipara.

Kijana_wa_Sinza:
Mimi niliambiwa dawa ni kukanyaga mafuta upite haraka kabla halijazima. Ilinisaidia mara mbili.

FundiIlala:
Hapana mdogo wangu, hapo una bahati. Ukikimbia unatengeneza wimbi, na wimbi ndilo linaloingia kwenye ule mdomo wa hewa. Gia ndogo, mwendo wa mtu anayetembea, mafuta yasipande wala kushuka, usibadilishe gia ukiwa ndani. Subiri gari la upande wa pili litoke kwanza. Na ukishatoka, kanyaga breki kidogo kidogo mara kadhaa zikauke, maana kwa dakika chache hazishiki. Hayo yote ni kwa maji yasiyofika nusu ya tairi na yaliyotulia. Maji yanayotembea usiingie. Sentimita 30 zinatosha kuliinua gari dogo, kwa sababu limefungwa kama kopo, linaelea kabla halijajaa.

Boda_Kinondoni:
Na mashimo. Maji yakifunika barabara huoni chemba isiyo na mfuniko wala mtaro ulipoishia. Wale vijana wanaosimama ndani ya maji wakionyesha njia, wapeni buku yao. Miguu yao inajua kilichoko chini.

Mama_Wawili_Goba:
Na kama uko na watoto na maji yanazidi kupanda, unakaa ndani au unatoka?

Mzee_Magomeni:
Unatoka, mwanangu, na unatoka mapema. Desemba 2011 nilikuwepo kwenye yale mafuriko ambayo baadaye watu wa bondeni walihamishiwa Mabwepande. Jirani yangu alisubiri kwenye gari akitegemea maji yatapungua. Yalipofika kwenye mlango ulikataa kufunguka kwa uzito wa maji, na vioo vya umeme vilikuwa vimeshakufa. Alitoka kwa kuwa dirisha moja alikuwa amelishusha kidogo avute sigara, tukalivunja kutoka nje. Gari likianza tu kuzimia kwenye maji, shusha vioo vyote kwanza, fungua mikanda, watoto watangulie kwa upande ambao maji hayatokei.

Mdau_Manzese:
Shikamoo mzee, na asante. Mimi siku hizi nikisikia imenyesha Kisarawe, kule upande wa vilima vya Pugu, sigusi Jangwani hata kama mjini ni kukavu. Nazunguka Upanga, nashika Ali Hassan Mwinyi, naingilia Kinondoni. Juzi nilifika nyumbani saa nne na nusu usiku. Wa Tegeta na Boko, tunasubiri visa vyenu.