Raba zenye jozi 7 za matundu: mistari mlalo, fundo lisionekane, kamba rangi mbili

kambabapa aliuliza:

Habari wadau. Raba ni za shingo fupi, matundu jozi 7, kamba bapa ya upana wa milimita 8 na urefu wa sentimita 120. Nataka kwa juu ionekane mistari mlalo mitupu, pasiwe na X hata moja, na fundo lisionekane kabisa. Kwa mtindo unaoonyeshwa kwenye picha nyingi, ncha zote mbili zinaishia tundu lilelile la juu kushoto. Linatatuliwaje? Je, kamba ya 120 inafaa au nitafute nyingine? Na kama kuna njia ya kupata rangi mbili zinazopishana mstari kwa mstari, naomba hatua kamili, siyo picha.

---

fundi_tundu alijibu:

Mkuu, shida ni hesabu. Mtindo huu unataka jozi shufwa: 4, 6 au 8. Zikiwa witiri, ncha mbili lazima zigombanie tundu moja.

Tuyape matundu majina tuelewane. K ni kulia, S ni kushoto, kwa jicho la aliyevaa, na namba zinaanzia vidoleni. Lalisha kamba juu kati ya K1 na S1, ncha zizame ndani, nusu kwa nusu. Ncha ya kulia ipande kwa ndani hadi K2, itoke, ivuke juu hadi S2, izame. Kutoka S2 ipande kwa ndani hadi S4 (S3 unairuka), itoke, ivuke hadi K4, izame. Ncha ya kushoto yenyewe inaanza kwa kuruka: S1 hadi S3 kwa ndani, itoke, ivuke hadi K3, izame, ipande hadi K5, itoke, ivuke hadi S5, izame.

Kwa jozi 6 kazi imeisha vizuri: ncha ya kwanza (ile ya kulia) inatokea K6, ya pili (ile ya kushoto) S6, unafunga. Kwa jozi 7, ya kwanza inabidi ivuke K6 hadi S6 kisha ipande S7, na ya pili iliyoko S5 nayo inaitaka S7 hiyohiyo. Ndipo unapokwama.

Unaweza kuipitisha ya pili kimshazari kwa ndani, kutoka S5 hadi K7, chini ya mstari wa sita. Kwa juu hakuna anayejua. Lakini huo mshazari unalala juu ya ulimi na kuusukuma upande kila ukikaza, na mwenye mgongo wa mguu ulioinuka atausikia ukimkandamiza. Tena fundo linabaki juu, kitu ambacho wewe hukitaki.

Kwa hiyo acha jozi ya 7 wazi, hesabu kiatu kuwa na jozi 6. Ncha ya kwanza ikitokea K6 usiishie hapo: ivushe hadi S6, izame. Sasa ncha zote ziko ndani, upande wa kushoto, moja S5 nyingine S6, jirani kabisa. Zifunge hapo, fundo likae kati ya ukingo wa kiatu na ulimi, lisikae juu ya ulimi wenyewe. Hapo umepata mistari sita kamili.

Maelekezo hayo ni ya kiatu cha kushoto, maana fundo linaangukia upande wa nje. Cha kulia geuza kila K iwe S na kila S iwe K. Watu wengi hufunga viatu vyote kwa mwelekeo mmoja, halafu wanashangaa kwa nini kimoja fundo liko nje na kingine liko ndani, na kila kimoja kinakaza kivyake.

---

sentimita alijibu:

120 ni ndefu mno kwa fundo la ndani. Pima mwenyewe. Vaa kiatu, pima upana kati ya K na S (uite U) na umbali kati ya tundu na tundu linalofuata upande uleule (uite W). Pima mguu ukiwa ndani, kiatu kitupu kinajibana na U inatoka ndogo.

Mistari mlalo ya jozi 6 yenye fundo la ndani inakula U mara 6 na W mara 9. Tuseme U ni sentimita 5 na W ni 2: 30 + 18 = 48. Ongeza sentimita 11 kila ncha za kushika na kufunga, unafika 70. Ukitumia ya 120, sentimita 50 zitakosa pa kwenda, utazisokota ndani na zitakutia malengelenge.

Ukiamua fundo la kawaida juu, kwa vipimo hivyohivyo ni U mara 5 na W mara 10, yaani 45, na vitanzi na mikia vinahitaji kama 50 hadi 60. Hapo 100 inatosha. Mtindo wa X kwenye kiatu hichohicho unameza karibu 59 kabla ya fundo, ndiyo maana kamba iliyokuja na raba huonekana ndefu ghafla ukihamia mistari mlalo.

Kamba nene au matundu yenye ukingo mnene, ongeza sentimita 5.

---

rangi_mbili alijibu:

Kupishanisha rangi ni rahisi kuliko inavyoonekana, kwa sababu mtindo wa fundi_tundu tayari unagawa kazi: ncha ya kwanza inachora mistari 2, 4 na 6, ya pili inachora 3 na 5. Mstari wa 1 ndio wa pamoja. Ukiunganisha rangi mbili katikati ya mstari wa 1, utapata mstari wenye nusu nyeusi na nusu nyeupe, na hapo ndipo kazi inaharibika.

Kiungo kisogeze ndani ya K1. Yaani nyeupe ilale juu kutoka S1 hadi K1, izame, na hapo ndani, kati ya K1 na K2, iungane na nyeusi inayopanda. Matokeo: nyeupe 1, 3, 5, nyeusi 2, 4, 6. Kwa vipimo vya mwenzetu sentimita hapo juu, nyeupe inakula 23 na nyeusi 25, bila mikia wala kiungo. Kata kila rangi sentimita 38, utabakiwa na ziada kidogo ya kupunguza mwishoni.

Kiungo usikifunge fundo. Kiko karibu na vidole, na kila hatua kiatu kinakunjika hapohapo. Laza kamba moja juu ya nyingine kwa sentimita 1.5, shona kwa uzi wa nailoni mishono ya kwenda na kurudi, kisha ukiponde kidogo kilale bapa. Ncha zilizokatwa zishonewe chini, zisibaki na manyoya.

Kama unataka kwenda mbali zaidi, kuna mtindo wa ubao wa drafti. Mistari mlalo ya rangi moja, halafu kamba ya pili inasukwa wima: juu ya mstari, chini ya unaofuata, ikifika mwisho inageuka na kushuka kinyume. Kwa U ya sentimita 5 na kamba ya milimita 8 hesabu inakupa safu sita. Suka nne, tano zikibanana sana. Kila safu inakula kama sentimita 12. Mistari mlalo iwe imelegea kiasi cha kupitisha kidole kidogo chini yake kabla hujaanza kusuka, kwani kila safu inaikaza. Ukianza ikiwa imekaza tayari, mistari itajipinda kama upinde na miraba itageuka kuwa almasi zilizochoka. Kamba ya pamba inashika hapo. Poliesta laini inateleza na mchoro unahama ukitembea. Na kiatu hicho hakifunguliwi tena, unakivaa kwa kuchomeka mguu.

Mtindo wa ngazi, ule wa buti za gwaride, achana nao kwa shingo fupi. Unapendeza kuanzia jozi 8 kwenda juu.

---

kisigino alijibu:

Naunga mkono, ila tusimdanganye mtu kwamba ni bure. Jozi ya 7 ndiyo inayoshika kisigino. Ukiiacha wazi, raba iliyokuwa inakutosha sawasawa itaanza kupwaya nyuma, hasa ukipanda ngazi. Kama imekuzidi hata kidogo, mtindo huu haukufai.

Lawama zisiende kwa mistari mlalo yenyewe. Mwaka 2002 mwanahisabati Burkard Polster alionyesha kwenye jarida la Nature kwamba X na mistari mlalo ndiyo mitindo miwili inayovuta pande za kiatu kwa nguvu kubwa zaidi. Kinachopungua hapa ni urahisi wa kukaza: kwa X unavuta ncha mbili na kiatu kizima kinajibu, kwa mistari mlalo kamba inaruka matundu kwa ndani na msuguano ni mwingi, kwa hiyo unavuta mstari mmoja mmoja kuanzia vidoleni.

Fundo la ndani likaze mguu ukiwa umeingia na kutoka mara kadhaa, siyo kiatu kikiwa mezani. Tumia fundo bapa: kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Ukirudia upande uleule mara mbili unapata fundo linalojipinda na kuteleza.

Kanuni hiyo inahusu hata fundo la kawaida la vitanzi. Vikilala kwa kukingama na kiatu, umefunga sawa. Vikielekea vidoleni na kifundoni, badili mwelekeo wa hatua ya kwanza tu, basi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza mwaka 2017 jinsi fundo linavyofunguka: kishindo cha mguu kugonga chini kinalilegeza, na mikia inayopeperuka inalivuta.

Siku ya kukimbia rudi kwenye X na itumie jozi ya 7: kila ncha itoke tundu la 6, izame la 7 upande uleule ikiacha kitanzi kidogo, kisha ncha zipishane na kila moja ipite kwenye kitanzi cha upande wa pili. Vuta kuelekea chini, funga.

---

kambabapa:

Nimewaelewa, asanteni. Mawili yamebaki. Kamba bapa inajipindua ndani ya tundu na mstari unaonekana mwembamba upande mmoja. Na nikiikata hadi 70, ncha mpya naitengenezaje?

---

fundi_tundu alijibu:

Kujipindua: usiivute kwa ncha. Weka kidole cha shahada chini ya mstari kama reli, vuta kamba ikiteleza juu yake, uiache ilale bapa kabla haijazama. Kama tundu ni dogo kuliko upana wa kamba, ikunje kwa urefu inapopita na uifungue upande wa pili kwa kucha. Ikikataa bado, kamba ni pana kwa tundu hilo. Shuka hadi milimita 6.

Raba zenye vitanzi vya utepe badala ya matundu hazikubali mtindo huu vizuri, maana kipande cha kupanda hakina pa kujificha, kitaonekana pembeni.

Ncha: usikate kabla ya kupima mguuni. Poliesta na nailoni unaziyeyusha kwa moto wa kiberiti sekunde moja, mbali na kitambaa cha kiatu, halafu unaviringisha kwa koleo, siyo kwa vidole. Pamba haiyeyuki, inaungua, kwa hiyo ipake gundi ya mbao, iviringishe, iache ikauke. Ukitaka ncha kama ya kiwandani, tafuta mrija wa plastiki wa mafundi umeme, ule unaosinyaa kwa joto, wa milimita 6 unaosinyaa hadi 3. Kata sentimita 2, iviringishe kamba ya milimita 8 ikiwa nyembamba, ivishe, pitisha moto kwa mbali ukiuzungusha. Kwa wewe unayeficha fundo, mrija unauhitaji wakati wa kupitisha tu. Ukishafunga unaweza kuukata ili usikuchome, ila ncha iachiwe angalau sentimita 3 nje ya fundo.